Nafasi Zimejaa: Nani Anaingia, Nani Anasubiri?

Msimu wa mashindano ukikaribia, maswali mnayoniletea yanafanana. Mwandaaji anauliza: "Tulitangaza nafasi 60, wamejiandikisha 90. Tunamkata nani?" Mshiriki naye analalamika: "Nilikuwa wa tatu kwenye orodha ya kusubiri. Siku ya mbio nikamkuta wa kumi na moja ana namba kifuani, mimi nimebaki na chupa ya maji mkononi." Hawa wawili wanaugua ugonjwa mmoja, kwa hiyo nawajibu pamoja.

Nazungumza na waandaaji wa mashindano madogo: sataranji na drafti za ukumbini, bao la mtaani, mbio za kilomita 5 au 10 zinazoandaliwa na klabu. Yaani watu wenye daftari, simu moja na kundi la WhatsApp. Wakubwa wana kampuni za kuwafanyia usajili.

Kwa niliyoyaona, watu hawagombani kwa sababu nafasi ni chache. Wanagombana pale kanuni inapotungwa baada ya majina kujulikana. Ukishajua kwamba aliyekosa ni mpwa wa mwenyekiti, kanuni yoyote utakayoitunga usiku huo itanuka, hata iwe nzuri namna gani. Kwa hiyo karibu yote yaliyo hapa chini hufanywa kabla jina la kwanza halijaandikwa.

Kikomo kitoke kwenye kitu kinachohesabika

"Nafasi 100" mara nyingi huchaguliwa kwa sababu inapendeza kwenye tangazo. Wewe jiulize: ni kitu gani kitaisha kwanza?

- Kwenye sataranji, hesabu bodi na saa za mchezo. Wachezaji 60 wanataka bodi 30 na saa 30. Kama una saa 26, kikomo chako ni 52, hata kama ukumbi unameza watu 200.
- Hesabu pia mizunguko. Kwa mfumo wa Uswisi, ambapo kila mzunguko wenye pointi sawa hukutanishwa, mizunguko 6 inatosha kumpata kinara mmoja kati ya wachezaji 64. Wakizidi hapo, mnaweza kumaliza mkiwa na wawili walioshinda michezo yote bila kukutana, na giza limeshaingia.
- Weka kikomo cha namba shufwa. Wachezaji wakiwa witiri, kila mzunguko mmoja anakaa bila mpinzani na kupewa pointi ya bure. Mwombe mwanachama mmoja wa klabu awe tayari kujaza pengo, bila kushindania zawadi.
- Kwenye mbio, tazama maji, medali, watoa huduma ya kwanza na upana wa barabara uliyoruhusiwa kuitumia. Vituo vitatu vya maji, glasi mbili kwa kila mtu kila kituo: wakimbiaji 400 ni glasi 2,400. Medali nazo huagizwa wiki kadhaa kabla, na hazizaliani.

Kisha andika sababu pembeni ya namba. "Nafasi 52, kwa sababu tuna saa 26." Sentensi hiyo itakuokoa na simu nyingi, maana mtu anaweza kubishana na wewe lakini si rahisi abishane na idadi ya saa.

Msiuze nafasi 60 kwa matumaini kwamba wanane hawatatokea. Siku watakapotokea wote, utawaambia nini?

Chagua njia ya kugawa, uitangaze

Njia zinazotumika ni tatu: aliyewahi ndiye apewe, droo, au sifa za mchezaji. Kila moja ina mtu inayemuumiza, na ni vizuri ujue ni nani.

Njia ya aliyewahi ni nyepesi, ndiyo maana wengi huanza nayo. Inamuumiza aliye kazini, asiye na bando na anayesubiri mshahara. Hata wakubwa imewashinda. Usajili wa Boston Marathon ya 2011 ulifunguliwa tarehe 18 Oktoba 2010 na nafasi zikaisha kwa takriban saa nane tu, watu waliokwisha kufikia muda wa kufuzu wakiachwa nje kwa sababu walikuwa mbali na kompyuta. Mwaka uliofuata waandaaji walibadili utaratibu, waliofuzu kwa muda mzuri zaidi wakaanza kusajiliwa kwanza.

Droo humpa kila mtu nafasi sawa, na inafaa maombi yanapokuwa mengi kupita kiasi. London Marathon ya 2025 ilipokea maombi zaidi ya 840,000 kwenye droo yake, na waliomaliza mbio ni kama 56,000. Kasoro ya droo ni kwamba mtu anaweza kukosa mwaka hadi mwaka. Dawa ninayoipenda inatoka kwenye mbio za Western States za California, maili 100 milimani, ambazo kwa kibali cha misitu wanaoanza huwekewa kikomo cha wastani wa 369 kwa mwaka. Aliyekosa mwaka jana akiomba tena, tiketi zake kwenye droo huongezeka maradufu: mwaka wa kwanza moja, wa pili mbili, wa tatu nne, wa nne nane. Klabu ya mtaani inaweza kuiga jambo hilo kwa vikaratasi na ndoo.

Sifa, yaani viwango au muda wa mbio zilizopita, zinafaa shindano la ubingwa. Kwenye shindano la kukuza mchezo zinaua, kwa sababu wanaoanza hawataingia kamwe.

Ushauri wangu: kama mwaka jana nafasi zilichukua zaidi ya siku tatu kujaa, tumia aliyewahi. Kama zilijaa ndani ya saa moja, hamia kwenye droo na uache fomu wazi wiki nzima.

Ukichagua aliyewahi, zingatia haya:

- Tangaza siku na saa ya kufungua angalau wiki moja kabla, kwenye njia zote kwa wakati mmoja. Kundi la klabu likijua Jumatatu na wengine wakijua Alhamisi, hapo hakuna "aliyewahi".
- Epuka mchana wa Ijumaa na asubuhi ya Jumapili. Jioni ya siku ya kazi, mishahara ikiwa imeshatoka, ndiyo saa nzuri.
- Andika "saa 2:00 usiku", na kama fomu inaonyesha 20:00 weka zote mbili. Wapo wanaoiona 8:00 kwenye simu wakaja saa nane.

Nafasi inakuwa ya mtu lini?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Waliojaza fomu wanakuwa 90, waliolipa 35, na mwandaaji anatangaza kwamba nafasi zimejaa.

Nafasi iwe ya mtu pale ada inapoingia, si pale fomu inapojazwa. Mpe aliyejaza saa 48 za kulipa. Zikipita, jina lake litoke bila majadiliano na nafasi iende kwa anayefuata. Mtu akikuambia baada ya hapo "nitalipa kesho, nishikie", mjibu kwamba kesho akilipa ataingia, kama nafasi itakuwapo.

Thibitisha malipo kwa kutazama taarifa ya akaunti yako ya simu au benki. Picha ya meseji si ushahidi. Kuifoji ni kazi ya dakika mbili. Mpe kila mtu namba ya usajili aiandike kama kumbukumbu wakati wa kulipa, la sivyo utajikuta na miamala ishirini iliyotumwa kwa simu za kaka, mke na wakala.

Kila nafasi iwe na jina, mwaka wa kuzaliwa na mtu mmoja. Kocha anayetaka "nafasi kumi za vijana wangu, majina nitaleta" umwambie aje na majina. Watoto wa familia moja wanaweza kutumia namba ya simu ya mzazi. Hilo halina tatizo.

Nafasi za akiba: chache, na ziandikwe

Wadhamini watataka zao. Watu waliojitolea kupanga viti watataka zao. Wenyeji wa mtaa ambao barabara yao imefungwa wana haki ya kufikiriwa, na kama wanawake au wanaoanza ni wachache kwenye mchezo wenu, kuwatengea nafasi ni jambo la busara. Hakuna ubaya katika hayo. Ubaya ni kuyafanya kimya kimya.

Andika kwenye tangazo: jumla nafasi 52, kati yake 4 za wadhamini na wahudumu, 8 za wanawake hadi tarehe fulani. Tarehe hiyo ikifika na bado zipo, zinaingia kwenye orodha ya kusubiri. Haziingii mfukoni mwa katibu.

Na simu ya mkubwa? Itapigwa. "Kuna kijana wangu, nifanyie mpango." Jibu lako liwe limeandaliwa: "Mheshimiwa, kijana wako ni namba 6 kwenye orodha, na orodha iko ukutani." Ndiyo maana nasisitiza iwe ukutani. Mwandaaji mwenye orodha ya siri hana pa kujificha simu kama hiyo inapoita.

Orodha ya kusubiri

Orodha ya kusubiri ni foleni kama ya bombani: ndoo ya mtu ikishawekwa, haisogezwi kwa sababu mwenye ndoo nyingine ana sauti kubwa. Ili isogee vizuri inahitaji mambo haya, na ukiacha hata moja utalisikia.

*Namba.* Kila anayeingia apewe namba yake siku hiyo hiyo. "Tutakujulisha" si namba. Kwa njia ya aliyewahi, mpangilio ni wa saa ya kujaza fomu. Kwa droo, endelea kuchomoa vikaratasi hata baada ya nafasi kuisha, na andika mpangilio wanavyotoka. Usifanye droo ya pili baadaye.

*Ukomo wake.* Kwenye shindano la watu 52, orodha ya watu 15 inatosha. Kumwandika mtu wa 70 ni kumpa matumaini yasiyokuwapo, naye atakataa mialiko mingine akikusubiri wewe.

*Uwazi.* Ibandike au itume kila Ijumaa: jina na namba ya foleni, basi. Usiweke namba za simu wala umri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na hata bila sheria, binti wa miaka kumi na sita hahitaji simu yake isambae kwenye makundi matatu.

*Pesa.* Usichukue ada ya anayesubiri. Najua hoja: "tukichukua mapema tunajua yuko makini." Lakini kurudisha pesa kwa watu kumi na tano ni makato kumi na tano, na yupo ambaye hutampata hewani. Deni la shilingi elfu kumi huharibu jina la klabu kuliko shindano lililochelewa kuanza.

*Muda wa kujibu.* Nafasi ikipatikana, mpigie anayefuata na umtumie ujumbe pia. Ikiwa imebaki zaidi ya wiki, mpe saa 24. Ndani ya wiki ya mwisho, saa 6. Siku ya mwisho kabla orodha haijafungwa, dakika 30. Asipojibu au asipolipa, nenda kwa anayefuata. Yeye arudi mwisho wa orodha, asifutwe kabisa. Simu huzima, umeme hukatika.

*Makundi.* Kama nafasi zimegawanywa, orodha nazo zigawanywe. Mwanamke akijitoa kwenye nafasi nane za wanawake, anaingia wa kwanza kwenye orodha ya wanawake, hata kama kuna mwanamume aliyejiandikisha siku kumi kabla yake. Waelezeni hili mapema.

*Siku ya kufunga.* Weka siku ambayo baada yake hakuna tena anayepandishwa, mbali na utaratibu wa asubuhi nitakaoueleza mwishoni. Siku mbili kabla zinatosha kwa mchezo wa ukumbini. Kwa mbio zenye fulana za saizi mbalimbali, weka wiki moja.

Kama orodha yenu inatokana na walioshindwa kwenye mchujo, kuna mtego. Mchezaji anayejua kwamba hata akishindwa ataingia kwa mlango wa kusubiri anaweza kucheza kwa kulegeza. Tenisi ya mashindano makubwa imeliona hilo, na huko mpangilio wa walioshindwa wenye viwango vya juu hupangwa kwa droo ili asiwepo mwenye uhakika. Fanyeni vivyo hivyo.

Kujitoa, na kupeana nafasi

Mfanyie wepesi anayejitoa mapema. Hadi wiki mbili kabla arudishiwe ada yote ukitoa makato ya kutuma, hadi wiki moja arudishiwe nusu, baada ya hapo hakuna. Asipokuwa na cha kupata, hatakuambia, na nafasi itakufa mikononi mwake huku watu 15 wakisubiri.

Lakini asimpe rafiki yake. Najua linaudhi: "Nimelipa, nafasi ni yangu, nampa ndugu yangu." Jibu ni kwamba amelipia kushiriki kwake mwenyewe. Ndugu akiingia hivyo amewaruka wote waliopanga foleni. Halafu kuna matokeo: kijana wa miaka 22 akikimbia na namba ya mjomba wa miaka 50, atapanda jukwaani kwa kundi la wazee. Kibaya zaidi ni pale anapoanguka barabarani na mhudumu anasoma jina, umri na simu ya dharura ya mtu mwingine.

Asiyetokea bila taarifa, mwaka unaofuata aanze kwenye orodha ya kusubiri. Mwenye msiba au ugonjwa asihesabiwe. Hapa tumieni utu.

"Lakini mwandishi…"

*"Tumepata saa 4 za kuazima. Tufungue usajili tena?"* Hapana. Nafasi 8 zilizopatikana ni za watu 8 wa kwanza kwenye orodha. Kufungua usajili upya wakati kuna wanaosubiri ni kuwadharau waliokuwa wavumilivu, na ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko mengine yote.

*"Ukumbi umetunyima, tumehamia kwenye dogo. Tupunguze?"* Kwanza jaribuni kugawa shindano kwa siku mbili. Ikishindikana, anzeni na waliosajiliwa mwisho kurudi nyuma; kama mlitumia droo, waliochomolewa mwisho. Warudishieni ada yote, makato yawe juu yenu, na muwape nafasi ya kwanza shindano lijalo. Msiwapunguze kwa kutazama nani hatalalamika.

*"Bingwa wa mkoa amechelewa kujiandikisha. Bila yeye shindano halina ladha."* Kama mnamtaka bingwa, mtengeeni nafasi ya akiba kwenye tangazo. Kama hamkufanya hivyo, anasubiri. Wapo mabingwa waliosubiri na kuingia kwa zamu yao, na heshima yao haikupungua.

*"Sisi ni watu 20 tu, tunajuana. Kanuni za nini?"* Kwa kuwa mnajuana. Mgeni akikosa nafasi anaondoka. Mnayejuana naye mtakutana msikitini, kanisani na kwenye vikao vya harusi.

Maneno ya kunakili

Badilisheni namba na tarehe kulingana na shindano lenu:

1. Nafasi ni 52 kwa sababu tuna saa za mchezo 26. Nafasi 4 ni za wadhamini na wahudumu, 8 ni za wanawake hadi siku 10 kabla ya shindano.
2. Usajili unafunguliwa Jumatano saa 2:00 usiku. Mpangilio ni wa saa ya kujaza fomu.
3. Nafasi inathibitishwa ada ikiingia ndani ya saa 48. Baada ya hapo jina linatoka.
4. Nafasi zikijaa, watu 15 watawekwa kwenye orodha ya kusubiri kwa namba. Hawalipi hadi waitwe.
5. Nafasi haiuzwi wala haihamishwi. Inayoachwa inakwenda kwenye orodha.
6. Nafasi zikiongezwa, zinajazwa kutoka kwenye orodha.
7. Malalamiko yapelekwe kwa mtu mmoja asiye katika kamati ya usajili, naye atajibu ndani ya siku mbili.

Huyo wa namba saba mtafuteni kweli. Mwalimu mstaafu au mwamuzi wa mchezo mwingine anafaa. Mpeni daftari lenye kila badiliko la orodha: tarehe, nani katoka, nani kaingia, nani kaandika. Malalamiko mengi huisha pale daftari linapofunguliwa.

Asubuhi ya shindano

Kutakuwa na nafasi tupu; hilo halikosi. Tangazeni kwamba uhakiki unafungwa saa 2:30 asubuhi, na walio kwenye orodha wanaotaka kubahatisha wawepo saa 2:15, ada ikiwa tayari. Saa 2:30 ikigonga, hesabuni viti vitupu, kisha mtu mmoja asome orodha ya kusubiri kwa sauti kuanzia juu. Aliyepo anaitika, analipa, anakaa. Jina likiitwa mara mbili bila kuitika limepita, na aliyesajiliwa akija saa 2:40 hamnyanyui aliyekwisha kukaa. Ataingia kama bado kuna kiti. Kama hakipo, mpeni fulana yake na mwonesheni walipo watazamaji.